Noti Zilizosimama kwa Kichwa

Haya, chekeni mmalize, maana najua mmeshaisikia kwa watu. Ndiyo, ni mimi yule mwalimu wa muziki aliyeenda kuomba kazi chuo kikuu akaimbisha kwaya mbele ya maprofesa huku karatasi ya noti ikiwa kichwa chini miguu juu. Nimeisikia hadithi hiyo ikisimuliwa kwenye harusi mbili na semina moja, na kila mara nikainamia kikombe changu cha chai kana kwamba anayesemwa ni mtu mwingine. Leo nitaisimulia mwenyewe, kwa sababu wanaoisimulia hukomea kwenye kicheko, na aibu yangu haikukomea hapo.

Miaka ile ya elfu mbili, simu zetu zote zikiwa bado za vitufe, nilikuwa mhadhiri wa muda. Mhadhiri wa muda (kwa asiyejua) ni mtu anayefundisha darasa lile lile linalofundishwa na mhadhiri wa kudumu, ila hana ofisi, hana jina mlangoni, na muhula ukiisha hajui kama ataitwa tena. Nilikaa hivyo miaka sita, asubuhi nadharia ya muziki katikati ya mji, jioni nadharia hiyo hiyo Westlands, kisha narudi chumbani kwangu Kilimani nikiwa na chaki mpaka kwenye nyusi. Kwa hivyo ilipotangazwa nafasi ya kudumu, moja tu, ya kufundisha nadharia ya muziki, niliitaka mpaka nikakosa usingizi.

Wala sikuitaka peke yangu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu Dagoretti mpaka alipostaafu, na kwaya ya kanisa alianza kuifundisha kabla mimi sijazaliwa. Muziki wake wote ulikuwa wa do re mi, ule unaoandikwa kwa herufi ubaoni, na kwa herufi hizo kwaya yake iliimba sauti nne mpaka watu wa makanisa mengine wakawa wanakuja kusikiliza. Noti hizi za mistari mitano, za vyuoni, hakuzijua. Alinisomesha mimi nikazijue. Baba alikuwa akiniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa mimi ni Wambui kama mamake, na nilipomwonyesha barua ya kuitwa kwenye mahojiano alivua miwani, akaipangusa, akaisoma tena, kisha akavuka ua kwenda kumsomea jirani.

Barua ilisema hivi: kwa kuwa wanafunzi wako likizo, kila mwombaji aje na darasa lake la watu kumi wasiojua kusoma noti, awafundishe kwa dakika ishirini mbele ya jopo. Watu kumi wasiojua noti mimi nilikuwa nao tele, si ndiyo kwaya ya Baba? Lakini hapo ndipo shetani aliponipitia. Nikaanza kujiuliza, je, wakishindwa? Mama Njeri wa soprano akianza kuipandisha sauti kama kawaida yake na asiishushe? Basi Jumatatu, siku tatu kabla ya mahojiano, nikaenda kanisani nikawafundisha wimbo wenyewe kimyakimya kwa do re mi, sauti zote nne, mpaka wakaushika kwa kichwa. Nikawaambia Alhamisi waiangalie karatasi tu na kuimba kana kwamba wanaisoma. Ni kidogo tu, nilijiambia, ni kuwaondolea woga (uamuzi mdogo kama huo, ungedhani hata Mungu hana haja nao).

Baba ndiye peke yake aliyeuliza. Alikuwa amesimama kwenye besi, kitabu kifuani.

"Lakini maitu, si hao watu wanataka kuona vile unafundisha?"

"Baba, huko si kanisani. Wakisikia do re mi watatuona washamba."

Alikifunga kitabu chake. Halafu akasema, "Sawa. Wewe ndio unawajua."

Alhamisi tulifika wote kwa gari la kanisa, wanawake kwa vitambaa vya kwaya, Baba kwa suti ya kahawia aliyoagwa nayo shuleni. Ukumbi ulikuwa mdogo. Kwaya ilikaa mbele ikitazama ubao, nyuma yao jopo la watu watano, mwenyekiti wao akiwa profesa mmoja mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kalamu nyekundu. Ukutani walikaa waombaji wenzangu wakisubiri zamu zao, na makarani wawili waliokuja kusikiliza bure. Mimi nilisimama katikati na chaki.

Na nilifundisha vizuri, hilo hata adui yangu hawezi kuninyima. Nilichora mistari mitano, nikaeleza noti inakaa wapi ikipanda na wapi ikishuka, nikawapigisha makofi, Mama Njeri akajibu maswali mawili ambayo sikumfundisha, na nikamwona profesa akiandika huku akitabasamu. Nikaapa moyoni kwamba sitawapa mgongo tena, kwa maana mwalimu hodari hageuki geuki kutazama ubao. Kwa hivyo ulipofika wakati wa wimbo, nilinyoosha tu mkono nyuma yangu.

"Baba, nibandikie ile karatasi."

Akaruka kama kijana. Ilikuwa karatasi ya manila niliyoichora usiku kwa kalamu nene, noti tupu, bila maneno wala kichwa cha habari, nisiwachanganye watu wanaoanza. Mwanzoni mwa mistari kulikuwa na ile alama ya ufunguo, ambayo kwangu ni kama uso wa mtu ninayemjua, lakini kwake ilikuwa mchoro tu, kama nakshi ya kitambaa cha meza. Nikamsikia akivuta selotepu kwa meno.

"Iko sawa hapa, maitu?"

"Iko sawa," nikajibu, bila kugeuka.

Nikainua mikono. Jamani, waliimba! Walikaza macho kwenye karatasi nilivyowaagiza, soprano ikapanda, alto ikaifuata, tenori na besi zikaingia mahali pake, hakuna aliyekosea hata nusu pigo. Nilikuwa nimeshaanza kujiona na ufunguo wa ofisi mkononi nilipoona jopo likifanya jambo la ajabu. Mzee mmoja alilaza kichwa upande wa kulia. Wa pili akalaza wa kushoto. Profesa akaweka kalamu chini, akainama mpaka kidevu kikakaribia meza, akitazama ubao nyuma yangu. Mimi (mjinga wa Mungu) nikadhani wameguswa na wimbo.

Tulipomaliza, profesa alipiga makofi mepesi, halafu akamgeukia Baba.

"Mzee, umeimba vizuri sana. Hebu nionyeshe, sauti yako umeisoma wapi hapo?"

Baba akasimama, akavua kofia. Alikuwa anang'aa uso mzima.

"Profesa, nikuambie ukweli, hapo mimi sijasoma kitu. Huyu msichana alitufundisha Jumatatu na do re mi, saa moja tu, na tukashika sauti zote. Saa moja! Sijawahi kuona mwalimu kama yeye."

Profesa akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, tafadhali geuka."

Nikageuka. Ufunguo wangu ulikuwa upande wa kulia, umesimama kwa kichwa. Wimbo mzima ulikuwa umepinduliwa, noti za juu ziko chini, za mwanzo ziko mwisho. Karani mmoja akaanza kucheka, akijiziba mdomo kwa mkono, kisha kicheko kikapita ukutani kote, waombaji wenzangu wakicheka mpaka wanashikana mabega, na Mama Njeri naye, asijue kinachochekwa, akacheka nao kwa adabu.

"Ai, Wambui," akaninong'oneza, "si tumeimba poa? Wanacheka nini?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua ni fupi hivyo, hata dakika ishirini haikufika. Profesa peke yake hakucheka. Aliponirudishia vyeti vyangu aliuliza, "Kama unaweza kuwafundisha watu sauti nne kwa saa moja, kwa nini hukutuonyesha hiyo?" Nilivichukua vyeti, nikaenda kubandua karatasi yangu ubaoni. Kazi alipewa mwingine.

Sasa, wanaosimulia humalizia hapo. Mimi sijamaliza.

Tulipofika maduka ya Adams Arcade, njiani kurudi nyumbani, Baba akaomba dereva atushushe sisi wawili. Alikuwa ameahidi tangu wiki iliyopita kwamba siku hiyo atanipeleka chai, na hakutaka kuivunja ahadi. Tukakaa kwenye mkahawa mdogo, chai na mandazi, na yeye hakula. Njiani Mama Njeri alikuwa ameshaelezwa na mtu, na yeye akaeleza gari zima kwa sauti, kwa hivyo Baba alijua. Alikuwa akizungusha kofia yake magotini.

"Maitu," akasema, "mimi ndio niliharibu. Karatasi niliweka vibaya, na mdomo nao haukunyamaza. Nilifikiri nakusifu. Unisamehe."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, Baba, kosa ni langu, wewe ulisema ukweli na mimi ndiye niliyekuonea haya. Maneno hayo niliyajua. Lakini nilikuwa na hasira, na masikio yangu bado yalikuwa yamejaa kile kicheko, na ilikuwa rahisi sana kuwa na mtu wa kulaumu. Nikapuliza chai yangu. Nikamwambia, "Sawa, Baba. Nimekusamehe."

Akaitikia kwa kichwa, akasema asante. Asante, jamani.

Jumapili iliyofuata alikaa kwenye viti vya waumini, katikati ya watu. Akasema magoti hayamwezeshi kusimama na kwaya tena, akamwachia kijana mmoja vitabu vyake. Hakuwahi kufundisha wimbo mwingine. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, nami nilimtembelea karibu kila wiki, nikampelekea sukari na gazeti, tukaongea habari za mvua na za jirani, na kila mara nikasema nitamwambia wiki ijayo. Alipolazwa bado nilikuwa na nafasi. Siku moja alimwambia muuguzi, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, kwamba binti yake ni mwalimu mkubwa wa muziki na angekuwa profesa kama si yeye babake kumharibia. Nikacheka kidogo, kama mtu anayesikia mzaha, nikamrekebishia blanketi.

Nimekula kiapo, na sijakivunja: mtu akiniomba radhi kwa kosa ambalo ni langu, namkatiza kabla hajamaliza, hata tukiwa mbele ya watu, hata kama ni mwanafunzi. Wenzangu huniona nina unyenyekevu. Siwaelezi. Baba alizikwa akiamini kwamba alininyima kazi, na kwamba mimi, mtoto mwema, nilimsamehe.