Waraka Kutoka Kifungoni na Barua Kutoka Ubaruku

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilipochaguliwa kuwa mwalimu wa jumuiya yetu hapa Kihesa, mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kufundisha najua. Mwaka jana tulifikia ule waraka mfupi ambao mtume aliuandika akiwa kifungoni, kumwombea mtumwa aliyemtoroka bwana wake apokewe tena, safari hii kama ndugu. Nilijiandaa wiki nzima.

Jumamosi asubuhi mzee wetu mmoja akauliza waraka huo unatuhusu nini, maana utumwa uliisha zamani. Nikamjibu kwa madaha kwamba kila mmoja wetu amemfungia mtu fulani mlango. Watu wakaandika kwenye madaftari, nami nikavimba kichwa.

Jumanne yake akabisha hodi getini dada aliyewahi kutufanyia kazi za nyumbani. Alikaa nasi miaka minne, kisha asubuhi moja akamwacha mtoto wangu kwa jirani na kutokomea bila kuaga. Nilikuwa nimeapa hatakanyaga tena kwangu. Sasa alisimama na begi lake, akanipa bahasha kwa mikono miwili. Ilikuwa barua ya mwinjilisti wa kwao Ubaruku, yenye muhuri wa usharika, ikiniomba nimrudishe kazini. Hana kazi nyingine, mwinjilisti aliandika, na mama yake anamtegemea.

Nilitaka kufoka. Lakini nitafokaje, na mafundisho yangu hayajamaliza hata siku nne? Nikamwambia apite ndani, yameisha. Nilijiona nimetenda jambo kubwa, hata nikawapigia simu wawili watatu kuwasimulia.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikutana kwangu kuendelea na waraka uleule, nikamwambia akae nasi sebuleni badala ya kubaki jikoni kama zamani. Kusema kweli, nilitaka watu waone. Kwenye jumuiya yetu kila mmoja husoma mstari wake, kisha husema neno lililomgusa. Zamu yake ilipofika alisoma polepole, halafu akasema, "Mimi naona mtume anamsemea, na bwana anaombwa. Huyo mtumwa mwenyewe, hakuna aliyemuuliza aliondoka kwa nini."

Sebule nzima ilitazama chini. Uso uliniwaka, kwa hasira kwanza, kisha kwa aibu, maana siku zote hizo alikuwa kwangu na sikuwa nimemuuliza.

"Dada," nikasema mbele ya wote, "wewe uliondoka kwa nini?"

"Mama yangu alizidiwa. Nilikuomba ruhusa mara mbili. Ukaniambia ningoje, jumuiya inakuja kwetu, wageni watahitaji chai."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata vikombe nilivyokuwa nikivifuta wakati ananiomba, na kwamba sikugeuka kumtazama.

"Nimekukosea," nikamwambia. "Nisamehe, dada."

"Mama alipona," akajibu, akitabasamu kidogo. "Sasa hivi anapalilia mpunga. Na wewe nilishakusamehe, ndiyo maana nimerudi."

Siku hiyo sikuwa na la kufundisha tena. Nikamwomba atusomee waraka wote upya, tangu mwanzo, na atueleze yeye anavyouona, sisi tusikilize.