Aliyekwisha Kuugua

Kwetu Mbinga, surua ikiingia nyumbani, anayemuuguza mgonjwa ni yule aliyekwisha kuugua. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kuona ubaya wake. Kwa hiyo simu ilipotoka Mbamba Bay kwamba mama kashikwa na dengue, sikuumiza kichwa. Mdogo wangu aliwahi kuiugua alipokuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Mimi bado. Nikampangia safari.

“Dada, ile homa naiogopa,” alisema. “Mifupa yote iliniuma.”

“Unaogopa nini, wewe si ulishaugua? Nikienda mimi, utauguza wawili.”

Akacheka, akaondoka na gari la asubuhi. Nami nikabaki kuchuma kahawa, na niseme ukweli, nilifurahi kubaki.

Mbu wa dengue huuma mchana, mtu anapofua au kuosha vyombo karibu na pipa la maji. Mama alilala siku chache, akainuka. Halafu akalala mdogo wangu. Homa iliposhuka alinipigia mwenyewe, tukataniana. Kesho yake fizi zilimtoka damu, tumbo likamkaza, na kabla sijafika hospitali alikuwa ameshafariki.

Daktari alinikalisha kwenye benchi. Virusi vya dengue, alisema, viko vya aina nne, kama ndugu. Ukiugua aina moja, kinga inayodumu ni ya hiyo hiyo. Ikija nyingine, kinga ya zamani huikamata bila kuiua, na badala yake huweza kuisaidia kuingia kwenye chembe za mwili.

“Si kwa kila mtu, na siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomuua,” aliongeza. “Ila aliyewahi kuugua ndiye tunayemhofia zaidi.”

Nilimchukia kwa upole wake. Sikumwambia mtu maneno yale. Mama anajua tu kwamba mwanawe alikuja kwa hiari yake.

Juzi nilishuka kumwona. Homa imerudi vijiji vya jirani, na nilimkuta akipanga kanga kwenye mfuko.

“Shikamoo, mama. Safari ya wapi?”

“Marahaba. Mama yako mdogo anaumwa, nakwenda kumuuguza. Mimi nilishapona, mwanangu, hainipati tena.”

Ilinipasa kumzuia. Lakini kumweleza sababu kungekuwa kumweleza pia ni nani aliyemtuma mwanawe. Nikambebea mfuko hadi stendi.