Kofia ya Doto

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliwaonea wivu ndugu zangu hata walipougua. Walikuwa mapacha, Kulwa na Doto, wamenitangulia kwa miaka miwili. Mimi niliyewafuata nikaitwa Shija, kwa kuwa kwetu Wasukuma mtoto anayezaliwa baada ya mapacha jina lake limeshapangwa hata kabla hajalia. Yaani jina langu lenyewe lilikuwa habari zao. Baba aliitwa Baba Kulwa, mama aliitwa Mama Kulwa, na sikumbuki hata siku moja mtu yeyote kuwaita kwa jina langu.

Watu wa mtaa wetu kule Nyakato waliwapenda mapacha na kuwaogopa kidogo. Ilisemwa kwamba pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa ataugua, na ugonjwa huo utakuwa juu yako. Kwa hiyo vitu viliingia nyumbani kwetu viwili viwili, mahindi mawili ya kuchoma, sato wawili, daftari mbili. Mimi nilingoja vichakae. Nilikuwa na kaptula mbili zenye viraka mahali pale pale, na mama aliona hilo ni jambo la kuchekesha. Mimi halikunichekesha.

Wivu wangu wa pili ulikuwa juu ya baba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na mwaka ule alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda cha nguo, kama walivyopunguzwa wengi viwanda vilipoanza kuyumba. Akawa anashinda nyumbani mchana, akilima bustani ya mchicha. Majirani wakigombana, aliitwa yeye. Alifika, akaanza kwa kuomba samahani kwa kosa ambalo hata hakulifanya, na mara nyingi wagombanao walibaki wakitazamana kwa aibu. Mtaa ukampa jina la Baba Samahani. Watoto wenzangu waliniigizia sauti yake shuleni. Ningetoa chochote kuwa mtoto wa mdogo wake, baba mdogo Masanja wa Usagara, mfuga ng'ombe, ambaye akikohoa wanawe walinyamaza, na majirani pia.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bibi Minza, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya ua wa minyaa. Alipikia mavi ya ng'ombe kwa kukosa kuni, na macho yake yalikuwa mekundu daima kwa moshi. Upande wetu ule, bibi kizee mwenye macho mekundu hakuhitaji kosa lingine ili aitwe mchawi. Watu walimsalimia, wakapita haraka. Lakini binti yake aliuza mitumba, na enzi hizo mitumba ilikuwa imemwagika sokoni hadi watu waliozoea foleni za khanga wakawa wanachagua kwa mikono miwili. Siku moja nikipita na ndoo ya maji, Bibi Minza aliniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wapelekee kaka zako." Akanipa kofia mbili nyekundu, kapelo zenye maandishi ya Kizungu mbele, mpya kama hazijavaliwa. "Zifike zote mbili. Unajua mwenyewe, pacha hapewi peke yake. Mwenzake atalala kitandani."

Nilisimama kidogo nikitazama mikono yake, nikidhani kuna ya tatu. Haikuwapo. Akarudi jikoni.

Njiani wivu ulinipanda mpaka nikahisi uchungu mdomoni. Nilimpa Kulwa moja. Nyingine niliificha ndani ya banda la kuku, chini ya majani ya kutagia. Doto alipouliza yake iko wapi, nilimjibu nikimtazama usoni, "Bibi Minza alisema ni moja tu, ya Kulwa." Sikuweza hata kuivaa mbele ya watu. Nilikuwa naingia bandani nikijifanya natafuta mayai, naivaa kwa muda mfupi, kuku wakinishangaa, kisha naificha tena. Ndiyo raha yote niliyoipata.

Siku mbili baadaye Doto alishikwa na homa. Zahanati walisema ni malaria, wakampa klorokwini. Siku ya tatu alikuwa bado hawezi kuinua kichwa, na mama alianza kulia kila alipokwenda jikoni. Mimi nilijua kilichomlaza. Bibi Minza alikuwa ameniambia kwa kinywa chake. Hata hivyo, na hili ndilo ninaloona aibu kuliandika, nilipoona mama amemlaza Doto mapajani kutwa nzima, nilimwonea wivu tena.

Siku ya nne, jua likiwa utosini, baba mdogo Masanja alifika kwa baiskeli kutoka Usagara. Alimgusa Doto paji la uso, akatoka nje, akamtazama Kulwa aliyekuwa amevaa kofia.

"Hiyo kakupa nani?"

"Bibi Minza."

"Na ya mwenzako?"

"Alisema ni ya kwangu tu. Shija ndiye aliyeambiwa."

Masanja hakuniuliza mimi. Alipiga mluzi, na vijana wanne wa mtaa waliokuwa wanacheza bao wakaja, kila mmoja na fimbo, kama vile walikuwa wanangoja tu mwaliko. Mmoja alikuwa na kiberiti. "Yule bibi leo anaondoka," Masanja alisema. "Asipoondoka kwa miguu, ataondoka kwa moto. Kaka, kaa na mgonjwa wako. Hii si kazi ya samahani."

Vijana walicheka. Nilimtazama baba nikitamani, kwa mara ya mwisho katika maisha yangu, awe mtu mwingine. Yeye alinishika mkono. "Twende," aliniambia, nami nikadhani amegundua. Alikuwa hajagundua chochote. Nadhani alitaka tu kushika mkono wa mtu.

Tulipita pengo la ua tukawatangulia. Bibi Minza alikuwa anasonga ugali wa udaga, unga wa muhogo. "Mwadila, mayo," baba alimsalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimia mama yake. "Nimekuja kula."

Bibi aliwaona wale wengine nyuma ya minyaa. Mwiko ulisimama. "Baba Kulwa," alisema, "leo usile kwangu."

"Nina njaa, mayo."

Ni lazima nieleze, maana siku hizi watu wamesahau. Nyumba ya mtu anayesemwa uchawi ilisalimiwa, lakini chakula chake hakikuliwa. Hata mama yangu, mwanakwaya, alipoletewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na Bibi Minza aliipokea kwa shukrani na kuwapa mbuzi. Baba alinawa, akaketi kwenye kigoda, akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa furu, samaki wadogo wa ziwani. Akalishika kidogo. Kisha akala.

"Kaka, toka hapo," Masanja alisema akiwa ukingoni mwa ua.

"Nakula."

"Na ukifa?"

"Nikifa mtakuwa na hakika. Nisipokufa mpaka jua lizame, rudini nyumbani. Masanja, njoo unawe."

Hakuna aliyenawa. Walisimama pale wakimhesabia matonge. Baba alikula kwa utaratibu, akaomba aongezewe mchuzi, na kijana mwenye kiberiti akacheka bila kutaka. Lakini Masanja hakuwa mjinga. "Kula kwako hakujibu swali la kofia," alisema. "Bibi, kwa nini ulitoa moja?"

"Nilitoa mbili," Bibi Minza alijibu. "Nilimpa huyu mtoto."

Wote wakanitazama. Nilitikisa kichwa. Masanja akapaza sauti, "Mnaona? Sasa anamsingizia mtoto!" Fimbo yake ikapanda, na wale vijana wakaingia ndani ya ua. Bibi Minza hakukimbia. Aliketi chini polepole, akaweka mwiko mapajani, akafunika kichwa kwa khanga.

Baba hakuniuliza kitu. Aliinuka, akasimama kati ya fimbo na bibi, mkono wa kulia bado una ugali. "Shija," aliniita bila kugeuka. "Njoo ule."

Nilikwenda. Akamega tonge, akanipa mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa kadiri ninavyokumbuka, baba kunipa mimi kitu bila kuwapa kwanza mapacha. Kwa miaka tisa nilikuwa nimekitaka kitu hicho. Nilikipeleka mdomoni kikagoma kuingia. Nikaanza kulia, na katika kilio hicho yakatoka yote, kofia, banda, kuku, na uongo niliomwambia Doto.

"Ilete," baba alisema.

Niliileta. Ilikuwa imekaliwa na kuku siku sita, na hali yake haihitaji kuelezwa. Yule kijana wa kiberiti aliangua kicheko, akafuatiwa na wenzake, na fimbo haishikiki vizuri kwa mtu anayecheka. Masanja peke yake hakucheka. Alinijia mimi sasa, fimbo juu, kwa hasira ya mtu aliyenusurika kufanya jambo.

"Samahani, Masanja," baba alisema akinivuta nyuma yake. "Kosa limetoka nyumbani kwangu." Mtu mzima yule, mzee wa kanisa, alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mwanamke, mbele ya vijana wa mtaa, na mimi akanipigisha magoti kando yake. "Mayo, utusamehe."

Bibi Minza alifunua khanga usoni. "Ugali unapoa," alisema.

Masanja alinawa. Alikula matonge mawili akitazama pembeni, akapanda baiskeli yake akaenda zake, na hakurudi kwetu mpaka mwaka mpya. Doto alipona baada ya kuchomwa sindano za kwinini hospitalini. Mtaa mzima ulisema alipona kwa sababu kofia yake ilipatikana, nami sikuwa na uso wa kubishana na mtu. Sikuchapwa. Nilimchotea Bibi Minza maji asubuhi na jioni mpaka mvua za vuli, na aliishi nyuma ya ua ule miaka mingine kumi na moja, akafa kwa uzee, kitandani mwake.

Miaka yote hiyo nilijua nilichokiona. Nilikuwa nimeona mtu wa imani asiyeogopa uchawi kwa sababu hauamini. Hata nilipohubiri kwa vijana kanisani niliwaeleza hivyo. Mpaka mwaka mmoja, baba akiwa mzee na mimi nimekwenda kumsalimia Butimba alikohamia kwa Doto, nikamwuliza alijuaje kwamba Bibi Minza hakuwa mchawi.

Alinitazama kwa mshangao. "Sikujua."

"Lakini ulikula."

"Nilimwogopa kama wengine. Lile tonge la kwanza lilinikaa kooni. Nilikuwa namwomba Mungu awatunze ninyi na mama yenu."

"Sasa kwa nini, baba?"

"Angemwua," alisema, kwa sauti ile ile ndogo. "Halafu angebaki mwuaji. Masanja ni mdogo wangu."

Sasa nina umri aliokuwa nao siku ile. Nimesuluhisha ugomvi mwingi, lakini mwingi ni ule ambao nilikuwa na hakika hautanidhuru. Vya Kulwa na Doto niliacha kuvitamani zamani sana. Wivu umebaki mmoja tu, na huu hauniachi. Namwonea baba wivu kwa lile tonge la kwanza.