Weusi wa Kidole cha Babu

Juzi nilifungua kopo la maziwa ninamowekea sindano, nikakutana na kifungo cha koti la babu. Ee ndugu yangu, kuna uchungu usiozeeka.

Ilikuwa hapa Kalemie, miaka ile ya kwanza ya uhuru, mji ungali unaitwa Albertville. Sisi wasichana wa misheni tulikuwa na kilabu cha kukusanya vifungo vya zamani: vya makoti ya reli, vya mabaharia wa bandarini, vya kanzu za mapadri. Kila alasiri tulivishona juu ya kitambaa kipana, harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufukoni ikituingilia madirishani. Shindano lilikuwa linakuja, na mwalimu wetu alitaka kushinda kuliko sisi.

Mimi nilileta kifungo alichokuwa nacho bibi, mama yake baba. Babu alikuwa akichochea makaa kwenye treni. Mwaka wa uhuru aliondoka na treni kwenda upande wa Niemba, kulikokuwa na mapigano, asirudi. Hata kaburi hatuna. Koti lake lilibaki msumarini. Kifungo cha juu, cha shaba, kilikuwa kimejaa weusi wa makaa, maana babu alizoea kukisugua kwa kidole gumba akizungumza. Bibi alikikata mwenyewe. "Nakuazima tu. Lakini musikioshe, mutoto wangu. Ule weusi njo yeye." Yaani ndiye babu mwenyewe.

Nilimwambia mwalimu. Nilimwambia tena! Akacheka. "Uchafu huu njo unataka tupeleke mbele ya wageni?" Akaagiza majivu na ndimu, tusugue vyote kama sufuria. Cha bibi, mwalimu alikisugua mwenyewe mpaka kikang'aa.

Siku ya shindano mama mwamuzi aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. Alitaka vya zamani, akasema, na hivi vimetoka dukani jana. Hatukupata hata peremende. Na mwalimu, bila haya, akatugombeza sisi.

Nyumbani bibi alikuwa anasonga bukari. Alifuta mikono, akakipokea, akapitisha kidole, akakigeuza, akatafuta. Kisha akanirudishia.

"Hiki si chake, mama. Peleka kwa wenyewe."

Hakukishona tena. Koti lilikaa wazi shingoni mpaka tulipomzika bibi nalo.

Sasa kilabu hakuna, mwalimu hayupo, hata treni huipati ila kwa bahati. Na kifungo, humo koponi, kimekuwa cheusi tena. Nimekishika muda mrefu. Ni kutu ya shaba tu. Babu hayumo.