Nsimire na Mkeka wa Mbele

Ukiulizia maman wa yoga pale mtaani Nyalukemba, hata leo watakuonyesha nyumba, ingawa maman mwenyewe hajakaa chini kwenye mkeka tangu mwaka jana. Nsimire ni mwanamke wa kicheko kikubwa na maneno makali, na usimwone na mvi ukadhani ni mtu wa kukaa kivulini. Wee! Alikuwa sekretari wa shirika moja la misaada huko Muhumba. Mzungu mmoja wa shirika hilo aliwafundisha yoga wanawake waliokimbia vita na kupoteza usingizi, Nsimire akimtafsiria. Kutafsiri kule kukamwingia mwilini. Mzungu aliporudi kwao, mkalimani akawa mwalimu.

Maneno yalisemwa, usiulize. Waumini wakadai eti yoga ni ya mashetani. Nsimire akawajibu palepale mlangoni mwa kanisa: "Mi niko nanyoosha mugongo tu. Shetani iko na mugongo gani ya kunyoosha?" Watu wakacheka, na Jumamosi baadhi yao wakaja mazoezini.

Halafu vita vikaingia mjini, shirika likafunga milango, kazi ikaisha hivyo hivyo bila hata kuagana. Akabakiwa na darasa la yoga katika ukumbi wa parokia Jumamosi asubuhi, na ule mkeka wa mbele, wa mwalimu, akitazamana na wanawake wanaomwita kocha. Hakuwa na kingine cha kuita chake. Basi siku moja ya mvua, akishuka njia ya udongo na bidoni, yaani dumu la maji, kichwani, akateleza. Bidoni ikabingirika hadi kwa jirani. Yeye akabaki matopeni, goti limevunjika.

Hospitali walimfunga plasta, wakamwambia asiiguse mpaka wamwite. Lakini nani wa kumwambia Nsimire kitu? Yeye ndiye aliyekuwa akiwahubiria wenzake kwamba mwili usiotembezwa unakauka. Aliogopa kukauka kuliko alivyoogopa maumivu. Akaikata plasta kwa kisu cha jikoni, mapema mno, akaanza kujinyoosha kitandani akijisifu. Mfupa ukaungana vibaya. Daktari alipoutazama alitikisa kichwa, akasema goti litakunjika kidogo tu, na daktari bingwa ambaye angeweza kulipasua upya alikwishakimbia mji pamoja na wengine wengi.

Nsimire hakutaka kusikia. Kila jioni mdogo wake Rosalie alimkanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto, na kila jioni yeye alitaka lisukumwe zaidi.

"Yaya, dada yangu, wacha sasa. Goti iko nauma, wewe uko nasema nisukume tu."

"Sukuma tena."

"Itavunjika!"

"Ikivunjika, ivunjike vizuri basi!"

Rosalie alilia kabla ya mgonjwa. Nsimire naye alilia baadaye, akiwa amefunga mlango, kwa hasira zaidi ya uchungu, maana alijua kosa ni la kisu chake mwenyewe. Hata hivyo akajipa moyo. Akamwambia Rosalie kwamba nyumbani goti linadeka, likifika ukumbini litakumbuka kazi yake. Jumamosi akachukua fimbo, akaenda.

Walimpokea kwa vigelegele. Joviale, mwanafunzi wake aliyekuwa amemshikia nafasi, aliondoka kwenye mkeka wa mbele mara moja, akautandaza vizuri. "Kocha, fasi yako njo hii."

Nsimire akaweka fimbo pembeni. Akainama, akashika sakafu kwa mikono, akashusha mguu ulio mzima. Ule mwingine ukagoma. Akausukuma kwa uzito wake wote, jasho likimtoka, hadi akapiga kelele asiyoitaka, akaangukia ubavu. Wanawake wawili wakamwinua kwa kumshika makwapani. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Mmoja akakimbilia sakristia, akarudi na kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha wageni wa heshima, akakifuta kwa ncha ya kitenge chake. Wakamkalisha. Joviale alirudi mkekani akikwepa macho yake.

"Maman," akasema kwa upole, "tunaanza. Utuombee."

Nsimire alilifahamu jambo hilo vizuri, kwani yeye mwenyewe alishawafanyia wazee kwenye mikutano mingi: mtu asiye na kazi tena hupewa kiti, kisha huombwa afungue kwa sala. Alitamani kuwatukana. Atawatukana kwa kosa gani? Walikuwa wanampenda, na hapo ndipo palipomchoma.

Akaomba. Akauombea mji, akawaombea watoto wao, akaombea migongo yao na magoti yao. La kwake hakulitaja. Aliona ni kumsumbua Mungu bure. Wakaitikia amina, wakashuka chini wote kwa pamoja, naye akabaki pale juu ya kiti.