Nilivyoshindwa Kumngoja Zaituni

Naona haya hata kusimulia, lakini kwa kuwa video ya siku ile mnayo na mnanicheka pembeni, bora mnicheke nikiwepo.

Mnanijua mimi fundi simu: mteja hajamaliza kueleza shida, simu nimeshaifungua (na mara mbili nimefungua simu nzima, mteja alitaka chaja tu). Zaituni alikuwa kinyume changu. Ukimwuliza chai au soda anatulia kwanza, anakutazama, unadhani mtandao umekatika, halafu anajibu, na akishajibu habadilishi. Nilimpenda sana, na bado nikawa namharakisha kila siku, nikidhani mwenye haraka ndiye mwenye akili.

Basi siku ya kwanjula, siku ya kujitambulisha kwao Kyebando, tumeketi uani kanzu zimenyooka, na mnajua mchumba wa kiume hana ruhusa ya kusema neno siku hiyo, anasemewa na msemaji. Msemaji wetu akataka kufuta jasho, nami nikajitia wema nikamshikia kipaza sauti. Hapo ndipo nilipojimaliza. Baba yake Zaituni akamwuliza, "Mwanangu, wageni hawa unawajua? Tuwapokee?" Zaituni kapiga magoti, kainamisha kichwa, kimya. Kipaza bado mkononi, nikamnong'oneza rafiki yangu aliyeketi kando, "Si aseme ndiyo tu, akili yake inapanda mlima kwa miguu!" na spika zote mbili zikatangaza mpaka barabarani.

Watu walicheka, jamani. Shangazi yake akapiga makofi, "Banange! Huyu mutu kungoja jibu moja tu inamushinda?"

Zaituni hakucheka. Alitulia (nami kwa mara ya kwanza nikaomba atulie zaidi), kisha akasema taratibu, "Baba, nilikuwa natafuta namna nzuri ya kusema ndiyo. Sasa naomba nifikiri upya."

Tukarudi na vikapu vyetu vyote vya zawadi, mpaka sukari.

Siku hizi wateja wananishangaa, namsikiliza mtu mpaka anamaliza. Lakini nimemkumbuka, nisiwafiche, na ninachokikumbuka zaidi ni kile kimya chake kabla ya jibu, kile kile kilichokuwa kinaniudhi. Mwezi uliopita nilimpigia, nikamwuliza kama naweza kuja tena. Akanyamaza. Nikasikia anavyopumua, nikasikia kuku wa kwao, nikauma ulimi mpaka ukauma kweli.

"Nitakujibu," akasema.

Sijamwuliza mara ya pili, na naapa sitamwuliza.