Jiko la Mashua ya Bwana Lambros

Mashua ilifika Kilosa kwa lori, imefunikwa turubai kama maiti, na kwa siku kadhaa wafanyakazi wa shamba la mkonge walikuja kuitazama wakati wa mapumziko. Bwana Lambros, meneja wa shamba, Mgiriki aliyezaliwa kisiwani huko kwao, alikuwa ameinunua Dar es Salaam ikiwa mbovu, akaileta huku juu kwa sababu ambayo ukiifikiria sana haikuwa ya kijinga: karakana ilikuwa ya shamba, mbao zilikuwa karibu, na fundi Mwinshehe alikuwa analipwa mshahara hata siku asizokuwa na kazi. Bahari ilikuwa mbali, lakini bahari haiozi. Kinachooza ni mbao.

Uhuru ulikuwa na umri wa mtoto anayekaribia kuanza darasa la kwanza. Bwana Lambros alisema mashua ni ya kutembelea wakati wa likizo. Watu walimwona akitia mapipa ya maji ya kumtosha mtu kuvuka dunia, wakamwambia kwamba likizo ni jambo zuri.

Mpishi wake alikuwa Makarius, mtu wa milima ya Berega, aliyefundishwa kuoka mkate na wamisionari na kusema "ndiyo, bwana" na kila aliyemwajiri baada yao. Bahari hakuwahi kuiona. Maji mengi kuliko yote aliyoyajua ni ya mto Mkondoa, ule mwaka ulipoingia mjini bila kualikwa na kuondoka na kuku wake. Kwa hiyo alipokuwa akipita mlangoni pa karakana aliitazama mashua kama mtu anavyotazama harusi ya wasiomhusu.

Jiko la zamani la mashua lilikuwa la mafuta ya taa, la kupampu, na lilikuwa limeunguza dari. Bwana Lambros alilitupa. Safari iliyofuata alirudi kutoka Dar es Salaam na majiko mawili ya gesi, kwa makubaliano na mwenye duka kwamba moja litarudi. Akayapanga barazani, akamwita Makarius.

"Chagua," akasema. "Wewe ndiye utakayepika humo."

Ndivyo Makarius alivyoarifiwa kwamba anasafiri.

Alisema "ndiyo, bwana," akainama kuyatazama. La kwanza lilikuwa kubwa, zito, lina oveni, na lilitakiwa kufungwa kwa bolti lisitikisike. La pili lilikuwa dogo, la plati mbili, limening'inizwa ndani ya fremu ya chuma ambayo nayo hufungwa ukutani, ukiligusa lilibembea. Bwana Lambros alieleza kwamba mashua ikilala upande, jiko hili hubaki wima. Alieleza pia kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi juu bali hushuka tumboni mwa mashua na kulala huko ikisubiri kiberiti. Alilisema hilo kwa furaha, kama mtu anayemsifu ndugu yake.

Nyumbani, mkewe Yudith alikuwa akichambua maharage. Makarius alimsimulia kila kitu, pamoja na habari za gesi.

"Baba Nikolaus, mwambie huendi."

Makarius alieleza kwamba jambo lenyewe si la kuambiana.

"Kwani amekuuliza kama unakwenda?"

"Ameniuliza jiko."

Yudith aliendelea kutupa maharage mabovu, na mume wake aliona kwamba usiku ule mengi yalikuwa mabovu.

Kesho yake alikwenda karakana. Mwinshehe alimpokea kwa kumpigia saluti na kumwita nahodha, akamwuliza kama huko baharini Waanglikana huzikwa au hutupwa tu. Alipochoka kucheka alifikiri kama rafiki. Mashua haiwezi kuondoka bila jiko, alisema, na jiko haliwezi kufungwa kabla halijachaguliwa. Basi mpishi achague polepole. Aseme anataka yajaribiwe.

Bwana Lambros aliipenda sana fikra hiyo, tena akaiongezea. Kwa kuwa mawimbi hayakuwepo, majiko yote mawili yalifungwa kwenye tela ya trekta, yakawashwa, yakatiliwa sufuria za uji, na bwana mwenyewe akashika usukani kuelekea Chanzuru kwa njia ya mashimo ambayo shamba lilikuwa likiahidi kuitengeneza tangu enzi za wakoloni. Makarius na Mwinshehe walisimama nyuma wameshika vyuma. Kwenye shimo la kwanza jiko la oveni lilimwaga uji kwenye viatu vya Mwinshehe. Kwenye la pili lilimwaga uliobaki kwenye suruali ya Makarius. Jiko la kubembea lilikwenda huku na huku, na uji wake ukatulia sufuriani kama uko mezani kwa askofu.

Jaribio lilikuwa limefanikiwa kupita kiasi. Hata watoto wa Chanzuru waliokuwa wakikimbia nyuma ya tela walijua lipi ni jiko zuri. Makarius alishuka akiwa na mguu unaowaka moto, na bwana alikuwa anamtazama akisubiri jibu ambalo kila mtu alikwisha kuliona.

"Nataka lenye oveni, bwana."

"Litakuunguza."

"Nitazoea, bwana."

Huo haukuwa uongo; alikuwa amezoea mengi. Akaongeza habari ya mkate, kwamba mtu hawezi kukaa baharini bila mkate. Bwana Lambros akasema sawa.

Jiko la oveni halikuingia kwenye mlango wa mashua. Makarius alijua kwamba halitaingia. Alikuwa amelipima kwa kamba. Ikabidi Mwinshehe akate ubavu wa mashua, na Mwinshehe, akishakata, alisema kwamba kuziba kunataka mbao ya mvule, na mvule lazima ukauke, na mvule haukauki kwa kuamrishwa. Masika yakaja, mbao ikalowa tena. Wakati huo Azimio la Arusha lilikwisha kusomwa redioni na watu walikuwa wakitembea kwa miguu kuliunga mkono. Kabla mwaka haujaisha, mabwana watatu wenye mikoba walifika shambani, wakamshukuru Bwana Lambros kwa kazi yake nzuri, na kumjulisha kwamba shamba sasa ni mali ya umma, pamoja na karakana na vyote vilivyomo. Mashua ilikuwa ndani ya karakana. Ubavuni ilikuwa na tundu la kupita ng'ombe.

Bwana Lambros aliondoka kwa treni. Makarius alimbebea sanduku hadi stesheni, na walisimama kwenye jukwaa wakitazama reli, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama.

"Ungesema tu huendi," bwana akasema.

"Hukuniuliza, bwana."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza jiko."

Bwana Lambros akasema kwamba lile linalobembea hakulirudisha dukani. Liko stoo ya nyumbani, na Makarius alichukue. Alikuwa ameliweka akijua kwamba wakishafika baharini mpishi angelitaka.

Treni iliondoka. Makarius alikuwa amepata alichokitaka, yaani kubaki. Alirudi akitembea polepole, akijaribu kujua kama amejiokoa au amezamisha mashua ya mtu mahali pasipo na maji.

Meneja mpya alikula hotelini, kwa hiyo hakuhitaji mpishi. Makarius na Yudith walihamia Ulaya, kata ya wakulima upande wa kusini, na watu wa Kilosa walifurahi kusema kwamba Mgiriki na mpishi wake wote wamekwenda Ulaya. Makarius alijenga nyumba ya matofali, akapanda mahindi na ufuta. Jiko alilifunga ukutani. Gesi haikuwahi kufika huko, kwa hiyo Yudith aliweka chumvi kwenye plati moja na mayai kwenye nyingine.

Mwaka wa sabini na nne akaja kijana kutoka tarafani, mwenye adabu, na nyuma yake mgambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Kijana alieleza kwamba kesho asubuhi litakuja lori. Wanahamia kijiji kipya, njia ya Mikumi, kitakachokuwa na shule, maji na zahanati. Makarius alisema ndiyo. Alingoja, labda kuna swali linakuja, lakini kijana alikuwa na nyumba nyingine za kupita.

Lori lilikuja kweli. Yudith alikuwa na sufuria ya maharage motoni, kwa sababu hakuamini, na mgambo walikuwa wameanza kung'oa bati. Mmoja wao alitoka na fremu ya chuma, akaigeuzageuza.

"Mzee, hiki kibaki au kiende?"

Makarius alilitazama jiko. Ilikuwa mara ya pili kuulizwa habari ya jiko, si yake.

"Kiende," akasema.

Walilifunga kwenye ubavu wa lori, ndani, na Yudith, kwa kukosa mahali pengine, akaiweka sufuria yake hapo. Njia ilikuwa mbaya. Watu waliangukiana, tenga la kuku likapasuka, mzee mmoja akapoteza kofia na hakuruhusiwa kuifuata. Jiko lilikwenda huku na huku. Mchuzi ulitulia.

"Kumbe lilikuwa zuri," Yudith akasema.

"Lilikuwa zuri."

Walishushwa jioni kwenye nyasi ndefu zilizochomekwa vigingi. Upande wa mbugani tembo mmoja alilia, kisha akanyamaza. Walikula maharage, na hakuna tone lililokuwa limemwagika. Baadaye Makarius alilibeba jiko begani, akageuka kushoto, akageuka kulia, akitafuta ukuta wa kulifunga.